Mtoto naye afungwe mkanda garini

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu hii ya barua ili nizungumze na wazazi wenzangu wenye magari, hasa sisi wa mikoa ya Shinyanga na Geita, juu ya jambo tunalolipuuza kila siku na ambalo siku moja litatuliza.

Mimi ni dereva wa kampuni moja inayohudumia mgodi wa dhahabu. Kwetu kazini kanuni inajulikana: gari haliondoki mpaka abiria wa mwisho amefunga mkanda, na dereva anayeivunja kanuni hiyo anaweza kupoteza kazi. Hatubishi. Lakini kazi ikiisha, mtu huyo huyo utamwona Kahama, Katoro au Geita mjini akiendesha gari lake, yeye amefunga mkanda kwa kuogopa trafiki, na mtoto wake wa miaka miwili amesimama katikati ya viti vya mbele akichungulia kioo. Au mama amempakata kiti cha mbele. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo simsemi mtu.

Mwaka jana nilinunua gari la familia lenye safu tatu za viti, lililotumika Japani. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam akatuletea viti viwili vya watoto, kimoja cha mtoto wetu wa miaka minne na kingine cha mdogo wake wa miezi minane. Tulishukuru sana, lakini siku ya safari tukafuata heshima: safu ya kati tukawaachia wakubwa, yaani mama mkwe na dada zake, na viti vya watoto tukavisukuma safu ya nyuma kabisa karibu na mizigo. Mkanda niliupitisha nilivyoona inafaa. Kitabu cha maelezo sikukifungua.

Tulipokaribia Tinde, tukielekea Shinyanga, kundi la ng'ombe likakatisha barabara. Nikakanyaga breki. Sikugonga kitu. Hata hivyo kiti cha yule mkubwa kilipinduka pamoja naye, akapiga mdomo kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yake, ukapasuka. Yule mdogo alikuwa ametolewa kitini kwa sababu analia, naye akamponyoka bibi yake mikononi, akaangukia miguuni pa watu. Mama mkwe wangu ni mtu wa jembe, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Haikusaidia.

Ndugu Mhariri, jambo hili si la nguvu za mikono. Gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule, na kishindo chake ni sawa na kumwangusha kutoka mita 10 juu, yaani ghorofa ya tatu. Mwendo ukiwa kilomita 100, kimo hicho kinakuwa mara nne. Hakuna mzazi atakayeruka na mwanawe kutoka ghorofani akitumaini kwamba atamshikilia. Shirika la Afya Duniani linasema matumizi ya viti vya watoto yanaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa asilimia 71. Viti hivyo basi si urembo wa matajiri.

Kwa wenzangu wenye magari ya safu tatu, nawapa niliyofundishwa baadaye na mkufunzi wa usalama kazini.

Kwanza, safu ya kati ndiyo ya watoto. Ingiza vidole katika mwanya ulio kati ya kikalio na mgongo wa kiti. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vilivyojificha hapo, vinavyoitwa ISOFIX, na kiti cha mtoto chenye makucha yake hung'ata vyuma hivyo. Katika magari mengi safu ya tatu haina vyuma hivyo, tena iko karibu mno na mlango wa nyuma. Wakubwa wakae huko, nao wafunge mikanda.

Pili, kama gari halina vyuma hivyo, tumia mkanda wa kawaida unaopita kiunoni na begani. Upitishe palipochorwa kwenye kiti cha mtoto, weka goti lako juu ya kiti ukikandamize, kisha vuta mkanda mpaka ukaze. Kishike kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia. Mkanda wa kiunoni peke yake hautoshi kwa viti vingi vya watoto.

Tatu, mtoto mchanga aelekee nyuma ya gari, maana kichwa chake ni kizito na shingo yake bado ni laini. Asiwekwe hivyo kamwe kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa, kwani mfuko ukifumuka utampiga yeye. Mtoto mkubwa atumie kiti cha kumwinua mpaka akue, ili mkanda upite begani na si shingoni. Na kiti cha mtumba ambacho hujui kimetoka kwenye ajali gani, usikinunue.

Wapo watakaosema kwamba sisi tumekua bila viti hivyo. Ni kweli, lakini wenzetu ambao hawakukua hawapo hapa kutusimulia. Wapo watakaosema mtoto analia. Wangu walilia safari mbili, ya tatu wakalala. Kuhusu bei, nakubali kwamba kiti kizuri si rahisi. Lakini mtu aliyenunua gari la mamilioni, akaongeza redio na rimu mpya, hawezi kusema fedha zimeishia mlango wa dukani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Japani, tunakonunua magari haya, tangu Aprili 2000 sheria inamlazimisha dereva kumweka mtoto wa chini ya miaka 6 katika kiti chake. Gari linashuka bandarini likiwa na vyuma vyake, nasi tunavifunika kwa makava ya viti. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa bila kumtajia mtoto kiti chake.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Sheria imtaje mtoto waziwazi, na Serikali iangalie uwezekano wa kuondoa kodi katika viti hivi. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, askari wa usalama barabarani wasiishie kukagua taa na matairi, bali wawaonyeshe wazazi namna ya kufunga kiti. Na migodi yetu, ambayo inatufundisha usalama kila asubuhi kabla ya zamu, itenge siku moja tuje na magari yetu ya nyumbani na watoto wetu tufundishwe.

Najua kwamba watoto wengi wa huku husafiri kwa bodaboda na kwa Noah za abiria zilizojaa, na hao nao wanastahili barua yao. Lakini mwenye gari lake mwenyewe hana wa kumngoja. Anaweza kuanza leo jioni kabla ya kuwasha injini.

Mdomo wa mwanangu ulishonwa nyuzi tatu na umepona. Kovu bado liko, na kila nikimfunga mkanda naliona.

Mzazi na Dereva,
Kahama, Shinyanga.