Koti Linalobana na Akiba ya Mshono

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hii huambiwa watu wanaotupa walicho nacho kwa kutamani kinachopita mbele ya macho yao, wala hapana mahali inapofaa kukumbukwa zaidi kuliko mbele ya sanduku la nguo. Katika nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia limo koti moja zuri ambalo halivaliwi. Halikuraruka, wala halikuliwa na nondo. Limebana tu. Mwenyewe amenenepa kidogo, au alilinunua akidanganywa na bei, au amelirithi kwa mtu mwembamba. Basi koti hulala sandukuni, na fedha za nyumba hutoka kwenda kununua jingine.

Katika sehemu hizi koti si pambo tu. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na asubuhi ya mwezi wa Julai baridi yake hupenya hata mifupani. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, lakini huko nako si rahisi mzee kwenda kwenye posa au maziko bila koti akajiona kuwa amevaa. Zamani wazee walivaa kabuti, na hata leo koti ni alama ya heshima. Mwezi wa Novemba mwaka 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, ambaye ni mwenyeji wa Bungoma, aliwakataza wabunge kuingia bungeni na suti za Kaunda. Kilichotakiwa ni shati la mikono mirefu, tai na koti. Ikiwa wakubwa wanashindana juu ya koti, mkulima naye hawezi kulaumiwa akisumbukia lake.

Mkulima mmoja wa upande wa Chwele alikuwa na koti la namna hiyo. Lilikuwa la marehemu baba yake, la sufu nzito ya rangi ya kijivu, nalo lilishonwa Kitale wakati cherehani za miguu zilipokuwa zikilia katika baraza za maduka ya Wahindi. Siku ya kugawa nguo za marehemu, wazee walimkabidhi yeye kwa kuwa ndiye mwana wa kwanza. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika, na kwa miaka mingi hakulivaa. Mabegani lilimkaa kama lililoshonwa kwa ajili yake, lakini tumboni kifungo na kitundu chake havikukutana.

Ikatokea kwamba kijana wake alitaka kuoa binti wa Kiminini, na siku ya wazee kwenda kuzungumza ikawekwa. Mkulima akalipeleka koti kwa fundi mmoja wa karibu. Fundi huyo hakupima kitu. Alisema, "Njoo jioni," na jioni ilipofika alikuwa amehamisha vifungo tu, akavisogeza hata ukingoni mwa koti. Kweli koti lilifungika, lakini ukosi ulipinda, upande mmoja wa kifua ukapanda juu ya mwingine, na mgongoni pakatokea makunyanzi. Mkulima alijitazama katika kioo akaona aibu. Akakata shauri kuuza magunia mawili ya mahindi anunue koti jipya.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, magunia hayo si yako wala si yangu. Ni karo ya mtoto ya muhula ujao. Ukiyavaa wewe, yeye atakaa nyumbani." Mkulima hakujibu. Asubuhi alipoondoka kwenda Kitale kuulizia bei ya mahindi na bei ya makoti, alikuta koti la baba yake limekunjwa vizuri ndani ya kikapu chake. "Kabla ya kuuza gunia," mkewe alimwambia, "muulize fundi mwingine."

Huko Kitale alielekezwa kwa mama mmoja wa makamo, aliyefundishwa kazi na mjomba wake, naye mjomba alijifunza katika baraza za maduka yale yale ya zamani. Mkulima akamwamkia, akalitoa koti.

"Mama, koti hili lilikuwa la baba yangu. Kama haiwezekani, niambie sasa, nisije nikaliharibu mara ya pili."

"Livae kwanza, Mzee," fundi akajibu. "Koti huulizwa likiwa mwilini."

Akamzunguka kimya. Akatazama mabega, akamwambia akae, ainuke, anyooshe mikono mbele kama mtu anayeshika usukani wa baiskeli. Akapima kwa futi kamba. Kifungo kilikosa kitundu kwa inchi moja na nusu, na ilihitajika nusu inchi zaidi ili mtu aweze kupumua na kula. Jumla inchi mbili. Kisha akalilaza koti mezani, akafumua bitana kidogo karibu na upindo, akaingiza vidole ndani ya mshono wa mgongo. Akatabasamu.

"Tazama hapa, Mzee. Aliyelishona alijua ya kuwa mtu hunenepa. Amekuachia."

Ndani ya mshono ule mlikuwa na nguo iliyokunjwa, robo tatu ya inchi kila upande. Hiyo ndiyo akiba ya mshono. Hesabu yake ni rahisi, nayo yafaa kila mtu aijue. Mshono mmoja una pande mbili. Ukitoa nusu inchi kila upande, umepata inchi moja nzima, na robo inchi inabaki kila upande ili uzi ushike, usije ukachomoka. Mishono miwili ya mbavuni nayo ilikuwa na nusu inchi kila upande. Fundi alitoa robo, akaacha robo, na kwa mishono yote miwili akapata inchi nyingine. Inchi mbili zikatimia. Vifungo vikarudishwa mahali pake pa kwanza.

Fundi hakumficha mteja wake ubaya wa kazi hiyo. "Nguo ya nje imepigwa na jua miaka mingi," alisema, "na hii iliyokuwa ndani haijaliona jua. Mbavuni mkono utaficha. Mgongoni utaonekana mstari mwembamba mweusi kidogo. Nitapiga pasi kwa kitambaa chenye maji na siki, na alama ya mshono wa zamani itapungua, lakini rangi siwezi kuirudisha. Ukikubali, toa arubuni, urudi kulijaribu kabla sijashona kwa cherehani." Mkulima alikubali. Siku tatu baadaye alilivaa likiwa limepigwa bandi tu, likarekebishwa kidogo kiunoni, ndipo likashonwa. Ujira wake haukukaribia hata bei ya gunia moja.

Katika kisa hiki mna mafundisho kwa kila mwenye koti linalobana.

Kwanza, atazame mabega. Kama mabega yamebana, au ukosi unainuka shingoni kila anapolifunga, heri aliache. Bega limeunganishwa na mkono, pamba ya ndani na ukosi. Kulifumua ni karibu sawa na kushona koti upya, na ujira wake ni mkubwa. Mabega yakiwa mazuri, tumbo hurekebishika.

Pili, atazame makunyanzi. Koti likifungwa kifungo kimoja na kukatokea mikunjo mikali inayokutana kifungoni kama njia panda, limebana. Kuhamisha kifungo kwafaa kwa robo inchi hivi, si zaidi, kwa maana kifungo kikisogezwa mbali, katikati ya koti hupotea na ukosi hauwezi kulala sawasawa.

Tatu, aichunguze akiba kabla ya kulipa. Makoti yaliyoshonwa na fundi kwa kipimo mara nyingi yameachiwa nguo ndani. Mengi ya kiwandani yameachiwa kidogo tu. Hili ni jambo kubwa kwa wanunuzi wa mitumba katika masoko ya Kitale, Bungoma na Chwele. Makoti hayo yametoka Ulaya, Marekani na China, yakakatwa kwa miili ya watu wengine. Mnunuzi apapase mishono ya mgongo na mbavu kwa vidole, naye atasikia kama ndani mna nguo au hamna. Kama hamna, asidanganywe na mtu amwambiaye kwamba fundi atalitanua.

Nne, ajue nguo yenyewe ni ya namna gani. Sufu husamehe, matundu ya sindano hujifunga ikipigwa pasi yenye mvuke. Ngozi na mahameli hazisamehi, na alama ya mshono wa kwanza haitoki. Nguo zenye nyuzi za kiwandani hung'aa au huyeyuka pasi ikiwa kali, basi ni lazima kitambaa chenye unyevu kitangulie. Tena bitana nayo ifunguliwe pamoja na nguo ya nje. Bitana ikiachwa vile vile, koti litabana kama zamani, na bitana itapasuka kwapani.

Tano, ikiwa akiba haitoshi, fundi hodari aweza kutia kipande chembamba kila ubavu, kuanzia kwapani hata chini, kwa nguo iliyotolewa katika upindo wa suruali ya suti hiyo hiyo. Kazi hiyo si ya kila fundi. Anayeiomba aombe kwanza kuonyeshwa koti jingine lililofanywa hivyo.

Tena kazi ya namna hii hailindi mfuko wa mwenye koti peke yake. Nchi iliwahi kutegemea viwanda vyake vya nguo kuliko sasa. Kiwanda cha Rivatex katika mji wa Eldoret, si mbali na Kitale, kilianzishwa mwaka 1976, kikaja kuanguka, kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Viwanda vyaweza kuanguka na kuinuka, lakini ufundi wa mkono hufa asipopatikana wa kuulipa ujira wake. "Usione vyaelea, vimeundwa," na vilivyoundwa vyahitaji waundaji.

Siku ya posa mkulima wa Chwele alisafiri na wenzake kupitia Kimilili na Kamukuywa hata Kiminini. Alivaa koti la baba yake, limefungwa, ukosi umelala, na mgongoni mstari mwembamba mweusi. Akakaa, akala, akainuka kujibu hoja za wazee wa upande wa pili. Mazungumzo yalikuwa marefu, nayo yalihusu ng'ombe. Hapana aliyeuliza habari za koti. Na shule zilipofunguliwa, binti yake aliondoka nyumbani na karo kamili.

Akiba haiozi, hata ikiwa ni robo tatu ya inchi iliyofichwa na fundi ambaye jina lake limesahauliwa. Basi anayeshonesha koti jipya mwaka huu amwambie fundi wake aache nguo ya kutosha ndani ya mishono. Huenda akaihitaji mwenyewe, na kama si yeye, mwanawe ataihitaji.