Awaara mbele ya macho ya leo



Juma lililopita nilikuwa Merti, kaunti ya Isiolo, kumzuru binti yangu aliyeolewa na Waborana wa huko. Usiku mmoja, baada ya Isha, wajukuu walinitaka niwachagulie filamu ya mapenzi ya enzi zetu. Nikachagua Awaara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, naye mwenyewe akaicheza pamoja na Nargis. Mimi niliiona nikiwa msichana, Mombasa, katika onyesho la wanawake pekee. Huko Unguja nako iliwaliza watu wasiojua Kihindi hata neno.

Nilihofu vijana wangeichoka, kwa kuwa haina rangi na huenda karibu saa tatu. Nyimbo ziliwashika mara moja (waliomsikiliza hayati Juma Bhalo akiimba kwa mahadhi ya Kihindi hawatastaajabu). Kisha kikaja kisa chenyewe. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu alipata kutekwa na jambazi na watu wakaanza kunong'ona. Mtoto anakulia katika mitaa ya mafukara, na jambazi yuleyule ndiye anayemfunza wizi. Bibi yao mzaa baba, aliyekuwa akitafsiriwa kwa Kiborana, aliuliza swali moja tu: "Mashahidi wako wapi?" Nikaikumbuka Surat An-Nur na mashahidi wake wanne. Kwa upande huo filamu haijazeeka hata siku moja. Wake wanaofukuzwa kwa mnong'ono tungali nao, Pwani na bara.

Penye ufukwe ndipo palipotukwaza. Rita anamwita Raj mshenzi, kwa utani. Raj anampiga makofi, naye Rita ananyenyekea, na mapenzi yanaendelea kana kwamba hapana lililotokea. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye posa yake imekwisha kupokewa, akaisimamisha picha.

"Bibi, ninyi mlipoliona hili mlifanyaje?"

Nikamjibu kweli: tulicheka.

Nilijaribu kuitetea. Nikamwambia kwamba Rita ni mwanasheria, na kwamba ndiye atakayesimama mahakamani kumtetea Raj mbele ya jaji, jambo ambalo sisi wasichana wa wakati ule hatukuwahi kuliona popote. Akasema hilo ndilo linalomuudhi zaidi: mwanamke ajuaye sheria, apigwe, kisha aombe radhi. Sikuwa na jawabu. Filamu inauhukumu ukatili wa baba kwa saa nzima, na mkono wa mwana inaupita kama mzaha.

Tukaitazama hadi mwisho, na pale jaji anapomtambua mwanawe wote walilia, na huyo mjukuu pia.

Asubuhi aliniomba nimfikishie baba yake ujumbe: kabla ya tarehe ya nikaha kupangwa, angependa majirani wa mchumba wake waulizwe habari za hasira zake. Nimeufikisha.