Marehemu Alipiga Besi

Wanaonifuatilia wamezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na mwenendo wa vyama vyetu. Leo naomba radhi kwa kuacha hayo kando na kuzungumzia wanamuziki. Hata hivyo sidhani kwamba nimetoka nje ya siasa. Namna taifa linavyogawana kile kinachozalishwa na watu wake ndiyo siasa yenyewe, na wanamuziki wamezalisha kingi kuliko tunavyokubali.

Wiki tatu zilizopita nilihudhuria msiba Mlandege, hapa Iringa mjini. Baridi ya Julai ilikuwa imewasukuma waombolezaji karibu na moto, na wazee wamejifunga makoti mpaka kidevuni. Chini ya turubai kulikuwa na meza ndogo, na juu yake daftari la michango. Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, aliunganisha simu yake na spika akaanza kupiga nyimbo za dansi za miaka ya themanini. Zilipopita nyimbo mbili tatu, mzee aliyeketi kando yangu akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sikiliza hilo besi. Ndiye huyu tunayemzika."

Nilisikiliza. Lilikuwa besi zuri, lenye utulivu, lisilogombana na magitaa mengine. Wimbo huo nimeusikia tangu nikiwa mtoto, redioni, ndani ya mabasi, kwenye harusi na kwenye kampeni za uchaguzi. Msemaji wa familia akasimama wakati ule ule na kutangaza kwamba fedha ya jeneza bado haijatimia. Nikaenda mezani, nikaandika jina langu na shilingi elfu ishirini. Nilipokuwa nikirudi kwenye kiti ndipo nilipotambua kwamba mchango wangu haukuwa msaada. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya deni.

Nina sababu ya kuliita deni. Miaka minne kabla ya hapo nilikwenda kwa mzee huyu kufanya utafiti. Tulisalimiana kwa "kamwene", akanipa kigoda, na kwa saa tatu akanisimulia maisha yake: alivyojifunza gitaa kwa kuibia kwa macho, alivyozunguka na bendi kadhaa za mashirika ya umma, alivyorudi Iringa na sanduku moja la nguo. Nilimrekodi kwa simu. Mwishoni nilimpa soda na shilingi elfu kumi ya nauli. Makala yangu ilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida ambalo yeye asingeweza kulisoma hata kama angelipata, nami nikapata alama za kupandishwa cheo. Ndani ya makala hiyo mzee hana jina. Anaitwa Mhojiwa Na. 7.

Siku ile aliniuliza, "Sasa mwalimu, hiyo karatasi yako itanisaidia nini mimi?" Nilicheka kana kwamba ametania. Sasa naona kwamba lilikuwa swali la kisomi kuliko yote niliyomuuliza yeye.

Nieleze basi hoja yangu. Umaskini wa wanamuziki wetu wakongwe huzungumzwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Nashikilia kwamba umetengenezwa, na umetengenezwa mara mbili, na mifumo miwili ambayo kwa mambo mengine inapingana.

Mfumo wa kwanza ni ule wa bendi za umma. Baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashirika, vyama na majeshi yalimiliki bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama hicho kilipobadilishwa jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma tunayoijua. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Hapa Iringa tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyowakusanya vijana wa nyumbani pamoja na wageni kama mapacha wawili kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mji wetu wenye baridi ulitoa muziki uliochezwa nchi nzima.

Wapo wenzangu wanaoutamani mfumo huo. Wanasema angalau mwanamuziki alipata mshahara. Ni kweli, na halikuwa jambo dogo. Lakini tujiulize mshahara huo ulinunua nini. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Aliyehama bendi aliliacha gitaa nyuma. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa huko na kupigwa miaka nenda miaka rudi. Santuri kwa kiasi kikubwa zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa nyembamba. Mwanamuziki aliuza jasho la siku, na kazi yake ikaendelea kuishi bila yeye. Mashirika yalipodhoofika na hatimaye kubinafsishwa katika miaka ya tisini, bendi zikafa pamoja nayo. Fundi wa mashine alipopunguzwa kazi, mashine aliyokuwa akiiendesha ilisimama. Kazi ya mpiga besi ilibaki ikiendelea kusikika redioni kila wiki, na yeye hayumo.

Mfumo wa pili ni wa soko. Tulitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na chini yake ikazaliwa COSOTA. Sheria hiyo haimtambui mtunzi peke yake. Inamtambua pia mtendaji, yaani yule aliyeimba au aliyepiga chombo. Kwa maandishi, basi, mzee wa Mlandege alikuwa mtu mwenye haki. Kwa vitendo, ili haki hiyo igeuke kuwa mirabaha, lazima redio iorodheshe ilichopiga, orodha ifike panapohusika, na jina la aliyepiga liwe limeandikwa mahali fulani. Hapo ndipo mnyororo unapokatika. Bendi zetu ziliandikwa kwa jina la bendi, pengine na la mwimbaji. Mpiga besi, mpiga ngoma, mpulizaji wa tarumbeta, hao walibaki hewani kama sauti zao.

Kwa hiyo mfumo wa kwanza ulimpa mwanamuziki mshahara bila umiliki, na wa pili ukampa umiliki bila kipato. Mzee wetu aliishi katika yote miwili na akatoka mikono mitupu mara zote mbili.

Jambo hili halihusu dansi peke yake. Tazama muziki wa asili. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938, aliifikisha marimba na zeze ya nyumbani kwao kwenye majukwaa ya dunia, akafundisha Bagamoyo na kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza kabla ya kufariki mwaka 2003. Huyo ndiye aliyepata jina. Lakini mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, akarekodi wapigaji wengi, wakiwamo wapiga ligombo wa Uhehe. Kanda zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ni vizuri kwamba zimehifadhiwa. Ila mwanafunzi wa Iringa anayetaka kulisikia ligombo la babu zake analazimika kulitafuta ughaibuni, na ni wachache sana waliobaki hapa wanaoweza kumfundisha kulipiga.

Tazama taarabu. Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa kwenye santuri. Alifariki mwaka 1950. Leo tunamjua vizuri kuliko wenzake wengi wa zama zile, na sababu moja kubwa ni kwamba Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake kwa Kiswahili, kwa jina lake kamili, kwa heshima zote. Nawakumbusha wanazuoni wenzangu kwamba mwandishi mkubwa kuliko wetu sote hakuona kuwa ni kujishusha. Bi Kidude, aliyefuata nyayo za Siti, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na akaendelea kuishi maisha ya kawaida kabisa Zanzibar hadi alipofariki Aprili 2013.

Turudi kwenye dansi. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na akafa katika ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, akiwa katika kilele cha usanii wake. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyewaimbia wanyonge akapendwa nao, alifariki Desemba 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa kwa jina lake hadi leo, na nina hakika wengi wanaoshuka pale hawajui ni la nani. Muhidin Maalim Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya takribani nusu karne jukwaani. Hali yake ya maisha ikawa gumzo, na Diamond Platnumz akamzawadia gari. Lilikuwa tendo la utu na namsifu kijana kwa hilo. Lakini nchi ambayo kiinua mgongo cha mwanamuziki wake mkubwa kinategemea ukarimu wa mwanamuziki mwingine haina haki ya kujisifu kwa utamaduni.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba wanamuziki hawajui kutunza fedha. Walikunywa, walioa oa, walitapanya. Wapo waliofanya hivyo. Wapo pia walimu na makarani waliokunywa, nami nawafahamu kwa majina. Tofauti ni kwamba mwalimu hukatwa mchango wa pensheni kabla hajafika baa. Hakuombwa kuwa na busara, aliwekewa utaratibu. Tusimdai mpiga gitaa tabia njema ambayo sisi wenyewe tumepewa na mfumo.

Jibu la pili ni kwamba mambo yamebadilika, kwamba vijana wa sasa wanatajirika. Baadhi yao, ndiyo, na heri yao. Lakini waliopo nyuma ya nyota hao ni akina nani? Nani alipiga kinanda, nani aliitikia, na je, wana mkataba ulioandikwa? Wanafunzi wangu wanaojishughulisha na studio hapa Iringa na kule Mbeya wananiambia kwamba malipo ni ya mkononi na makubaliano ni ya mdomo. Waimbaji na walimu wa kwaya za makanisa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambao tungo zao zinaimbwa mbali kuliko wanavyojua, wako vilevile. Tunaandaa daftari jingine la michango, la miaka thelathini ijayo.

Nifanyeje basi, na tufanyeje? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, hazina ya nyimbo zilizorekodiwa na redio ya taifa iandikiwe majina upya. Wapo wazee walio hai wanaoweza kusikiliza wimbo na kutaja nani alipiga nini, kama alivyofanya jirani yangu msibani. Kila mwaka wanapungua. Kazi hii ifanywe sasa, kabla kumbukumbu haijazikwa.

Pili, kituo cha redio kisipewe leseni bila kuwasilisha orodha kamili ya nyimbo kinazopiga. Mirabaha imeanza kugawiwa, na hiyo ni hatua. Lakini mgawo usio na orodha sahihi utawapa wanaojulikana tayari.

Tatu, wanamuziki waingizwe kwa makusudi katika hifadhi ya jamii na katika bima ya afya kwa wote iliyotungiwa sheria mwaka 2023. Sehemu ya mirabaha ikatwe kwa ajili hiyo kabla haijafika mkononi, kama sisi tunavyokatwa.

Nne, na hili linatuhusu sisi wa vyuoni. Anayetupa maarifa yake kwa saa tatu alipwe kwa saa tatu. Aulizwe kama anataka jina lake litajwe. Apewe nakala ya rekodi, na muhtasari wa tulichoandika kwa Kiswahili. Tunawahukumu wenye redio kwa kupiga wimbo bila kulipa. Sisi tulichukua wimbo na mpigaji mwenyewe.

Kwa upande wangu nimeanza. Jumamosi iliyopita nilirudi Mlandege na rekodi ile nikiwa nimeinakili kwenye flashi mbili, moja ya mjane na moja ya mjukuu. Nimewafasiria makala yangu na tumeanza kuandika orodha ya nyimbo ambazo marehemu alipiga. Tumefika kumi na tisa. Familia imeniomba nisitaje jina lake hadharani hadi mambo ya mirathi yaishe, na ombi hilo nimeliheshimu hapa. Nimeuandikia uhariri wa jarida kuomba masahihisho, ili siku ruhusa itakapotolewa, Mhojiwa Na. 7 aitwe kwa jina alilopewa na mama yake.

Tulipokuwa tukisikiliza rekodi, mjane hakusema neno mpaka pale mumewe alipouliza karatasi ile itamsaidia nini. Aliposikia kicheko changu baada ya swali hilo, alinitazama. Sikuwa na la kumjibu, na sijalipata mpaka leo.