Kutoka Mbagala Hadi Ocean Road

Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani, ikafunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji. Ubaguzi huo ulikwisha zamani, na tangu 1996 hapo ndipo makao ya Taasisi ya Saratani, iliyo wazi kwa kila mtu.

Lakini mji bado umegawanyika. Mama wa Oysterbay mwenye gari na bima, aonapo damu isiyo ya kawaida, humwona daktari juma hilo hilo. Mama wa Mbagala hungojea nauli, ruhusa ya mume, na mtu wa kumwachia watoto na genge. Afikapo, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini, huchukua miaka mingi kukomaa. Mabadiliko ya awali hutambulikana kwa kupakwa siki, kwa dakika chache, yakatibiwa mapema. Chanjo ya wasichana nayo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Basi, akina baba, tusingoje damu. Nauli ya mama kwenda kupimwa akiwa mzima ihesabiwe katika matumizi ya nyumba, pamoja na unga na mkaa.