Kura Imefika Bungeni, Haijafika Kiwandani



Mnamo Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba, na utawala wa chama kimoja ukazikwa kisheria. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini yuko mwananchi ambaye habari hiyo njema haijamfikia hata leo, naye ni mkulima wa miwa wa Nyanza na Magharibi. Kwake yeye chama kimoja kingali kinatawala, na makao yake makuu ni ofisi ya kiwanda.

Tazameni jinsi mkulima huyu anavyofungwa. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo ukomae. Ukishakatwa, sukari yake huanza kupungua. Usiposagwa upesi, jasho lote limekwenda bure. Mahindi yaweza kungoja bei ghalani, muwa haungoji. Kwa hiyo, anayeshika ufunguo wa kinu ndiye anayeshika karo ya watoto wa mkulima, dawa ya mamake na sadaka yake ya Jumapili.

Na ufunguo huo alipewa nani? Sheria ya Mashirika ya Umma ya 1986 ilimpa Rais uwezo wa kuwateua wenyeviti wa mashirika hayo. Cheo kikawa zawadi ya siasa, na aliyepewa akamtumikia aliyempa. Mwenye miwa hakuulizwa neno. Matunda yake twayajua: Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001, huku wakulima wakidai malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa na kuliwa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuvitia viwanda mikononi mwa wenye mitaji. Basi na watueleze habari za Mumias. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2001, na mwaka 2019 nacho kikakabidhiwa mrasimu. Kubadilisha mwenye mali bila kumpa mkulima sauti ni kumbadilisha nyapara tu. Gereza ni lile lile.

Hili si jambo la watu wa magharibi peke yao. Kilimo huzalisha moja kwa moja takribani sehemu moja kwa tano ya pato la taifa letu. Kinu kikinyamaza, hunyamaza pia lori, duka, gereji na shule, kisha nchi nzima hununua sukari ya kigeni kwa fedha za kigeni. Mwaka 2017 serikali ilifungua mlango wa kuagiza sukari bila ushuru. Mwaka uliofuata kamati za Bunge zilichunguza biashara ya sukari ya magendo, na Bunge lenyewe likaitupa ripoti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa twaambiwa tutulie. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza zao hili. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya umma, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa miaka 30. Miaka 30! Mtoto atakayezaliwa leo atakuwa mzazi kabla mikataba hiyo haijaisha. Je, babake ameisoma?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mikataba yote ichapishwe, kila ukurasa, kwa lugha anayoielewa mkulima. Pili, wakulima na wafanyakazi wanaodai walipwe kabla ya mdai mwingine yeyote. Tatu, wawakilishi wa wakulima wachaguliwe kwa kura ya siri, si kwa mlolongo kama ule wa 1988, nao wasomewe hesabu za ushuru huo hadharani.

Nanyi mlio makanisani, msiseme kwamba hiyo ni siasa. Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji wao unamlilia Mungu. Ikiwa kilio hicho kinafika mbinguni, yawezekanaje kisisikike kwenye mimbari zetu?