Wenye ualbino watafutiwe kazi ya kivulini

WATOTO waliokimbiziwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kushamiri Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, wengi wao leo ni watu wazima. Wanachohitaji sasa ni ajira.

Mauaji hayo yalichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na wachimbaji wa dhahabu walitajwa mara nyingi, pamoja na wavuvi. Hivyo, kutoka Kahama hadi Geita, sekta yenye vibarua vingi ndiyo ambayo kijana wa aina hiyo anaiogopa zaidi.

Kilimo nacho si kimbilio. Kupalilia pamba juani, msimu baada ya msimu, ni kujiweka karibu na saratani ya ngozi. Macho yao pia mengi huona kwa shida.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu wanatoka katika kundi hilo. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu inabanwa nayo moja kwa moja. Lakini kwenye maduara hakuna mkataba wala orodha ya mishahara. Watu hugawana mifuko ya mawe. Mwenye duara mwenye vijana 30 hajihesabu kuwa mwajiri, kwa hiyo asilimia tatu haina pa kushika.

Njia nyingine ni mkopo wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia mbili ni za watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023, ukarejea mwaka 2024. Fedha hizo zinaweza kununua cherehani, kufungua duka la pembejeo au kujenga banda la kuku wa mayai, kazi ambazo hufanyika kivulini.

Kwa mfanyabiashara mdogo, gharama ya kumwajiri mmoja wao ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kofia pana, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yanayotengenezwa KCMC Moshi, na daftari la mauzo lenye mistari mipana. Akae kaunta, asitumwe kupakua magunia saa saba mchana. Na aruhusiwe kuondoka kabla giza halijaingia.