Anajua Harufu Yako, Lakini Anakujua?

Wasee, swali moja tu. Kuna mtu anajua mafuta unayojipaka, anajua venye mkono wako hutoa jasho mkishikana, lakini hajui kwa nini hujalala wiki mbili. Huyo mtu ni mpenzi wako ama ni jirani wa karibu sana?

Nauliza kwa sababu yalinipata. Mwaka jana nilifutwa kazi na sikumwambia mpenzi wangu. Kila Jumamosi tulikutana Arboretum kama kawaida, tunakaa kwa nyasi, analaza kichwa begani kwangu, nanusa mafuta ya nazi kwa nywele zake, na kelele zote za Nairobi zinanyamaza. Nikajiambia, si huu ndio ukaribu? Nauli nilikuwa nimekopa kwa beshte. Miezi miwili hivyo.

Akaja kusikia kwa watu. Nilidhani atakasirika juu ya pesa. Akauliza tu, "Siku zote hizo nikikuegemea, wewe ulikuwa unawaza nini?"

Sikuwa na jibu.

Sisi vijana tunachanganya hizi vitu mbili. Mguso sio uongo. Ukikumbatiwa na mtu unayemwamini, mwili hutoa homoni inaitwa oksitosini na moyo unatulia. Lakini mwili unaweza kutulia na shida ikabaki pale pale, haijaguswa na mtu.

Watu wa Pwani walielewa hii kitambo. Mapenzi kwao yana pua: asumini kwa nywele, udi chumbani. Lakini angalia leso. Ina pindo, ina mji, halafu ina jina, yale maneno yameandikwa chini. Ukimpa mtu leso unampa kitambaa cha kugusa ngozi yake na ujumbe kwa pamoja. Wengi wetu tunapeana kitambaa bila jina.

Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wasiojuana waliketi wawili wawili wakaulizana maswali 36. Yanaanza mepesi, yanazidi kwenda ndani, hadi unaulizwa mara ya mwisho ulilia lini mbele ya mtu. Dakika kama 45 tu. Wakajihisi karibu kuliko wale waliopewa maswali ya stori za kawaida. Dakika 45! Mimi nilikuwa na Jumamosi nane.

Najua mtasema nini. "Buda, ukimwambia uko chini atakuacha." "Siri yako itakuwa kicheko kwa grupu ya marafiki zake." Ni kweli, wengine wako hivyo. Ndiyo maana huanzi na kubwa. Mwambie kitu kidogo kinachokutia aibu, halafu uangalie anakifanyia nini. Akikicheka mbele ya watu, umepata jibu mapema na hujapoteza mengi.

Na kwa wale wadogo zangu: mtu akikwambia lazima umguse ama akuguse ndio ajue unampenda, huyo hatafuti ukaribu. Anayekutaka wewe atasubiri, na akisubiri atataka kusikia stori yako.

Wanaume wenzangu, tumefunzwa kujikaza hadi tumesahau kuna mtu ameketi kando yetu. Mimi nilifikiri namlinda. Ukweli ni kwamba nilimwacha peke yake kwa nyasi, na mimi niko hapo hapo.

Alikaa wiki tatu kabla ya kunishika mkono tena. Tulikuwa kwa matatu, tumekwama jam, hakuna asumini wala nazi, ni moshi tu. Bado sikuwa na kazi na alijua. Alijua hadi deni la nauli. Mkono ulikuwa ule ule, na jasho langu lile lile, lakini ndiyo mara ya kwanza nilihisi ni mimi nimeshikwa.

Sasa wewe, leo ukimwona, utamwambia nini ambacho bado hajui?